Hendibreki haishiki mlimani: pedi za nyuma na shuu za Forester, kazi ya nyumbani

Gari likikataa kutulia mlimani, gereji nyingi hukimbilia kukaza nati ya kebo ya hendibreki. Linashika wiki mbili, halafu linarudi pale pale. Mara nyingi kebo haikuwa na kosa. Kwenye Subaru Forester zenye diski nyuma, na Toyota nyingi za namna hiyo, hendibreki haigusi pedi (vibao vinavyobana diski) kabisa. Ndani ya diski, pale katikati palipotuna, kuna ngoma ndogo, na ndani yake shuu mbili, vipande vya nusu duara vinavyotanuka na kuibana ngoma kwa ndani. Mguu unabana pedi, mkono unatanua shuu. Ndiyo maana mtu anafunga pedi mpya nyuma na gari bado linateleza kwenye mteremko.

Maelezo haya ni ya Forester SG, yaani kizazi cha pili, iliyoanza kutoka 2002. Chungulia kwanza nyuma ya rimu, kwa sababu baadhi zilikuja na ngoma kamili badala ya diski, na hiyo ni kazi nyingine.

Shuu za hendibreki haziishi kwa kusuguana, kwani zinafanya kazi gari likiwa limesimama. Kinachoziua ni kutu. Maji ya kuoshea gari, matope, na kwa wa Mombasa, Tanga au Dar hewa ya chumvi, vyote vinaingia mle ndani. Kutu inaota chini ya lainingi (tabaka la kusugua lililogundishwa kwenye shuu), gundi inaachia, na lainingi inabanduka nzima kama soli ya kiatu. Ikijikunja humo ndani inaweza kufunga gurudumu. Kwa hiyo unene pekee usikudanganye. Lainingi mpya ina milimita 3.2 na kikomo ni 1.5, lakini yenye milimita 3 iliyoanza kuachia ukingoni ni ya kutupa.

Nunua seti ya pedi za nyuma (nne), seti ya shuu (nne), na pakiti ya springi na pini zake. Springi ndizo watu wanazobania pesa, halafu shuu hazirudi vizuri na gurudumu linachemka. Ongeza breki klina, grisi ya silikoni kwa pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi), grisi ya kustahimili joto kwa bamba la nyuma (sahani ya chuma inayobeba shuu), na bolti mbili za M8 zenye pichi 1.25. Hizo bolti utazishukuru baadaye.

Egesha pasipo mteremko, weka magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, legeza nati za tairi za nyuma, kisha inua nyuma yote na ulaze gari kwenye stendi mbili. Jeki peke yake haitoshi, hasa hapa ambapo hendibreki lazima iachiwe. Ndani ya gari, fungua kifuniko cha konsoli na ulegeze nati ya kebo mpaka waya ulale kabisa. Ukiruka hatua hii, marekebisho yote ya baadaye yatakuwa ya uongo.

Kalipa: toa boliti ya chini, iinue, chomoa pedi. Pistoni ya nyuma hapa inarudi kwa kusukumwa tu, haizungushwi. Isukume polepole kwa klampu huku ukiangalia kopo la mafuta ya breki, maana yanapanda, na yakimwagikia rangi yataibabua. Kisha toa mabano yanayoshikilia kalipa na uifunge kalipa kwa waya kwenye springi ya gari. Isining'inie kwa hosi. Chomoa pini zake mbili, futa grisi ya zamani, paka ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama, halafu pedi moja inaisha na mwenzake bado ni nene.

Sasa diski. Isipotoka, weka nyundo chini. Nyuma ya bamba kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Pitisha bisibisi bapa, tafuta meno ya ajasta (skrubu inayotanua au kusinyaza shuu) na uyarudishe ili shuu zisinyae. Ukilazimisha kabla ya hapo, shuu zinang'ang'ania ukingo wa ngoma na pini zinang'oka kwenye bamba. Kisha funga zile bolti za M8 kwenye matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa diski, ukikaza robo mzunguko huku na robo huku. Itatoka kwa mlio mmoja. Vumbi usilipulize kwa kompresa. Loweka kwa breki klina na ufute. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Piga picha, na ufungue upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ule mwingine ubaki kama ramani yako. Vikombe vya pini unavibonyeza kwa plaizi na kuzungusha pini robo. Springi za juu zinatoka kwa kuvutwa, vaa miwani. Mkono mdogo unaovutwa na kebo umefungwa kwenye shuu moja kwa klipu ya umbo la kwato. Huo hauji na shuu mpya, unauhamisha. Watu wengi wameitupa shuu ya zamani na mkono wake, kisha wakarudi kulitafuta pipa la taka.

Ajasta ifungue yote, isafishe nyuzi, ipake grisi kidogo. Ya kulia na ya kushoto zisichanganywe. Kwenye bamba, pale palipong'arishwa na shuu, paka utando mwembamba tu wa grisi. Lainingi ikiguswa na vidole vyenye grisi, isafishe kwa breki klina. Pima pia ngoma ndani ya diski: SG ina milimita 170, na ikifika 171 diski imekwisha.

Rudisha diski na uibane kwa nati mbili za tairi ili ikae sawa. Weka gia kwenye N, kwa sababu gari hili linaendesha magurudumu yote manne. Ukiacha kwenye P, uzito wa gia utadhani ni shuu zinazobana. Kaza ajasta mpaka diski igome kuzunguka, kisha rudisha meno 3 au 4. (Kwenye Toyota nyingi ni 8.) Vuta hendibreki kwa nguvu mara chache ili shuu zijipange, achia, rekebisha tena. Fanya hivyo pande zote mbili, na hapo tu ndipo urudi kwenye nati ya kebo: ikaze hadi hendibreki ishike kwenye jino la 7 au 8. Ikiwa imeachiwa kabisa, magurudumu yazunguke huru.

Ikiwa upande mmoja bado unabana, chomoa kebo yake kwenye mkono wa shuu na uivute kwa plaizi. Ikisita kurudi, imeshika kutu ndani ya gamba. Badilisha, mafuta ya kulegeza yatakufikisha msimu ujao wa mvua tu.

Baada ya kufunga kalipa, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Kisha tafuta barabara tupu, endesha kilomita 35 kwa saa, bonyeza kitufe cha hendibreki usikiachie, vuta kidogo na uende hivyo kama mita 200. Subiri dakika 5 hadi 10 zipoe, rudia. Mwisho, tembea kilomita kumi bila kuigusa hendibreki, simama, na usogeze kiganja karibu na kila rimu ya nyuma. Ikiwa moja ina moto kuliko mwenzake, ajasta ya upande huo inahitaji kurudi jino moja.