Daftari za baba na mlango wa stoo

Baba alipofariki, ndugu walikaa wakagawana vitu vya karakana: randa, misumeno, mbao zilizobaki. Daftari hakuna aliyezitaka. Zilikuwa kaunta buku tisa, mbili zimeshaliwa na mchwa. Nikazibeba mimi, nikawaambia nitaandika historia ya karakana yetu ya majeneza hapa Muleba, ili wajukuu wajue walisomeshwa na kazi gani. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua zaidi ya mwaka.

Shida ya kwanza, baba hakuandika jina la marehemu hata mara moja. Aliandika kijiji, futi, inchi, aina ya mbao, na pembeni neno moja: "taslimu" au "kahawa". Fundi mzee aliyefanya naye kazi ndiye aliyenifafanulia. Wafiwa walimpima marehemu kwa kamba ya mgomba, fundo moja la mabega, moja la urefu, kisha kijana akapanda nayo baiskeli mpaka karakanani. Baba aliitundika kwenye msumari ukutani hadi sanduku liishe. Na "kahawa" maana yake watalipa msimu ukifika, chama cha msingi cha ushirika kikishanunua kahawa ya maganda. Hakutaka mtu aingie butura kwa sababu ya jeneza, yaani auze kahawa ingali maua mtini.

Daftari ya kwanza imejaa vitanda na milango, jeneza ni la hapa na pale. Kuanzia katikati ya miaka ya themanini vitanda vinapotea. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na watu waliuita Juliana kabla ya kuujua jina. Daftari haitaji ugonjwa wowote. Ila soma vipimo: futi tano inchi nane, futi sita, futi tano na nusu, kurasa kwa kurasa. Mzee hupungua kimo, mgongo ukapinda. Hawa walikuwa bado wamenyooka. Fundi aliniambia walikuwa wakipasua mbao usiku kwa taa ya karabai, na msumari ukutani ukawa na kamba nyingi hadi wakaanza kuzifunga vitambaa ili zisichanganyike. Dawa za bure za UKIMWI, ARV, zilianza kutolewa 2004. Vitanda vinarudi taratibu kwenye daftari ya nane, na nilipokuta kabati la vyombo nilicheka peke yangu.

Ili nipate majina, nikaona njia ni makaburi. Kwetu watu huzikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, na yaliyojengewa kwa saruji yana tarehe. Nikawa natembea kijiji kwa kijiji nikilinganisha. Hapo nilikosea vibaya. Nyumba ya kwanza niliingia na kaunta buku kwapani, nikasalimia, nikaketi, nikaifungua. Yule mama aliitazama, akaitambua.

"Mwanangu," akasema, "mwaka huu kahawa haikuzaa. Nivumilie mpaka Julai."

Alidhani nimekuja kudai! Sanduku la mumewe, miaka karibu thelathini. Nilimwapia kwamba deni hakuna, hakuniamini mpaka nilipoifunga daftari na kuisukuma chini ya kiti. Tangu siku hiyo daftari ilibaki nyumbani. Nilinakili mistari michache kwenye kikaratasi, na nikifika neno la kwanza baada ya salamu ni kwamba baba hakuacha deni kwa mtu. Halafu nasubiri. Wakikuletea kahawa za kutafuna, tafuna, usiulize kitu kwanza. Mwenyewe ataanza kusimulia. Anayetaka kufanya kazi kama hii asiende na kalamu mkononi. (Mama yule alinitumia kilo mbili za kahawa Julai. Sikujua niziandike wapi.)

Ukurasa ulionishinda ni wa Mei 1996. Meli ya MV Bukoba ilizama ziwani tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza. Idadi ya waliokufa iliyotangazwa ni watu 894. Ndani ya siku mbili yameagizwa masanduku matano, yote futi sita kamili. Fundi hakuhitaji kunieleza: hapakuwa na kamba, nani angempima nani? Mawili yana alama ya kuchukuliwa. Matatu hayana kitu. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma, kule kule Mwanza, na wengine hawakuonekana kabisa.

Nikamuuliza mama masanduku yale matatu yaliishia wapi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Si unayafungua kila siku ukichukua unga?"

Nikaenda stoo. Nimekua na mlango ule. Niliufuta vumbi kwa kanga, nikasogeza tochi karibu: mbao nyembamba za paina, na kwenye kila ubao, kwa umbali uleule, vitundu viwili viwili vya skrubu za vishikio, vimezibwa kwa gundi na unga wa mbao, vikapigwa msasa hadi vidole visivihisi.