Laki tatu za mpambaji

Kwenye daftari langu la uhazini kuna mstari mmoja nimeuzungushia wino mwekundu: "Mpambaji, advansi, 300,000." Safu ya salio iko tupu mpaka leo.

Ilikuwa sendofu ya binti wa dada yangu, hapa hapa Dar es Salaam. Kikao cha kwanza cha kamati tulikaa kwenye baa moja Tabata, Jumapili saa kumi, yaani saa kumi na mbili. Wakanipa uhazini kwa sababu mbili: ninafanya kazi ya uhasibu, na sinywi. Wageni 200. Sahani tukaikadiria 20,000. Hapo tulielewana. Tulipofika kwenye nani atapika, nani atapamba, nani atashika kipaza sauti, kila mjumbe akaibuka na mtu wake. "Mimi nina MC wangu." "Mke wangu ana mpishi, we acha tu."

Niliuliza swali moja na baa ikanyamaza: nani kati yenu amewahi kumlipa huyo mtu kwa fedha yake mwenyewe? Hakuna. Wote walikuwa wamemwona kwenye sherehe za watu, wakiwa wageni, na mgeni haoni kitu. Anakuta maua yameshakaa, hajui yamekaa dakika kumi kabla hajaingia huku mama wa bibi harusi akilia chooni.

Swali zuri, ila nililiuliza kuchelewa. Mpambaji alikuwa ameshapatikana, na ni bibi harusi mwenyewe aliyempata Instagram. Picha zake, jamani! Pazia za rangi ya maziwa, taa zinaning'inia kama mvua, viti vya dhahabu. Anasema yuko Sinza, tarehe yetu inagombewa na watu wawili, tukitaka tuiwahi tutume advansi leo. Nikaandika namba kwenye simu, likaja jina la mwanaume. Nikampigia. "Dada, hiyo ni laini ya mume wangu, ya kwangu ina deni, wakiona hela wanakata." Nikaweka namba ya siri. Mwenzenu mhasibu wa miaka 14, nikaweka namba ya siri.

Wiki mbili baadaye shemeji yangu alikuwa anazipitia zile picha akasema, "Hawa wamama wa nyuma mbona wamefunga vilemba vya Kinaijeria?" Nikaikuza picha. Meza ya kwanza vilemba. Meza ya pili vilemba. Sinza gani hiyo? Picha nyingine ilikuwa na jina la mtu mwingine kwenye kona, limefutwa nusu, herufi mbili za mwisho zimebaki. Nikampigia nikamwomba kitu kimoja tu: una kazi gani Jumamosi hii, nije nikuone ukipamba? Jumamosi hiyo alikuwa na msiba. Iliyofuata alikuwa anaumwa. Ya tatu simu haikupatikana.

Kuanzia hapo nikaiambia kamati sitatoa hata shilingi kwa mtu ambaye sijamwona akifanya kazi. Sikusema ofisini kwake, maana ofisi inapangwa. Basi Jumamosi tano mfululizo nikawa nazunguka kumbi za watu, nimevaa gauni la heshima ili mlinzi asinisumbue, napita mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma ndiko nilikompata mpishi wetu, kwenye ukumbi mmoja Kimara. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, sufuria za pilau zimefunikwa, makaa juu ya mifuniko. Kilichonishika kilikuwa mtu mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya rundo la sahani, ana daftari, hafanyi kingine chochote. Sahani zinatoka kumi kumi, naye anachora mstari.

Kama hujawahi kuwa mhazini, labda hujui kwa nini nilimpenda yule mtu. Mpishi analipwa kwa sahani. Mmeandikiana 200, saa sita usiku anakuja kukwambia zimeliwa 240, na wewe umechoka, viatu uko navyo mkononi, ndugu wanakuaga. Utabishana na nini?

Yule mama mpishi aliniona nimesimama hapo akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ukweli, nimekuja kumchunguza. Akacheka. "Siku yako lete mtu wako akae na huyu wangu, waandike wote wawili. Wakigombana, wagombane wao, mimi na wewe tuendelee kusalimiana." Wakati tunaongea kijana mmoja akashika kuku kwa mkono mtupu. Hakufokewa. Aliitwa jina tu, mara moja, akaenda kunawa.

Kwenye malipo nilitaka nusu ibaki mpaka sherehe iishe. Akakataa. "Dada yangu, mchele nitanunua na nini? Kamati zinanidai uaminifu, mimi kamati nazidai milioni." Alinionyesha madeni ya kwenye simu yake, ya watu waliokula wakashiba wakasema michango haijakamilika. Sikuwa nimewahi kulifikiria upande huo. Tukaandikiana asilimia 30 siku ya mkataba, 50 wiki ya sokoni, 20 baada ya madaftari mawili kulinganishwa. Lipa namba ilitoa jina la biashara yake. Safari hii nililisoma mara tatu.

Mpambaji mpya naye nilimkuta nyuma ya ukumbi, saa tano asubuhi, yuko juu ya ngazi kwa ajili ya sherehe ya jioni, chini msaidizi wake anapiga pasi vitambaa. Bei yake ilikuwa juu. Sikuomba punguzo.

Mpiga picha nilimwomba anionyeshe sherehe moja nzima, tangu kupambwa mpaka keki, badala ya picha tisa nzuri. Wawili walikasirika, wa tatu akafungua kompyuta. MC tuliyemtaka nilimwona saa nne usiku akimwachia kijana wake kipaza sauti ili awahi sherehe nyingine, tukamwacha. Ukumbi, ulizeni jenereta inawasha nini: ya ukumbi wetu wa kwanza ilikuwa inawasha taa tu, jikoni giza. Na ulizeni kama mpishi wa nje analipiwa kuingia.

Usiku wenyewe madaftari yote mawili yalisoma 207. Saba zilikuwa za wapiga matarumbeta, ambao mimi niliwasahau kwenye hesabu. Nikalipa bila kununa.

Yule wa Instagram bado namba yake ninayo. Kila tarehe 1 namtumia ujumbe ule ule: "Habari dada, nakukumbushia 300,000." Miezi mingi kimya. Mwezi uliopita akajibu: "Dada nakukumbuka sana, sherehe ilipendeza?"