Mvua ya bibi na dua ya Ijumaa ya pili

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu na dada zangu. Ijumaa imetukuta tena alhamdulillah. Wiki hii nilikuwa nimepanga kuwaandikia kuhusu amana lakini juzi usiku radi ilipiga hapa Amu, yaani Lamu, mpaka madirisha yakatetemeka, stima ikakatika mtaa mzima, na mwanangu wa miaka sita akaja mbio kwenye giza akanirukia kitandani akaniuliza, baba, Mungu amekasirika?

Nikanyamaza kidogo, manake swali hilo hilo mimi niliwahi kumuuliza bibi yangu, na jibu alilonipa wakati ule sikulipenda kabisa.

Nyumba ya bibi ilikuwa mtaa wa Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani, ukuta mnene na boriti za mikoko juu, zile ambazo mvua ikizidi chokaa inaanza kutoa harufu yake na tone linajikusanya chini ya boriti, linanenepa, linakaa hapo kama halitaki kuanguka halafu tap, kwenye mkeka. Wingu likifunga upande wa kisiwa cha Manda bibi alikuwa anajua kabla yetu. Anatuita, "Ndoo ndani mwanangu, usikae nde," yaani njoo ndani usikae nje, anafunga madirisha, anachukua kanga anafunika kioo cha kabati. Hili la kioo ni mila tu ya wazee, sijaliona kwenye hadithi yoyote, lakini wengi wenu najua mmelelewa nalo. Kisha anakaa chini anachukua tasbihi, na kuanzia hapo haongei na mtu, ukimuuliza kitu anakuinulia kidole tu usubiri.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba hata hicho kimya kina asili, imepokewa kwamba sahaba Abdullah bin Zubeir radhiyallahu anhu akiskia radi alikuwa anaacha mazungumzo na kusema subhana lladhi yusabbihu rra'du bihamdihi walmalaikatu min khiifatih, ametakasika ambaye radi inamsabihi kwa sifa zake na malaika pia kwa kumuogopa. Maneno yanatoka kwenye Surat Ar-Ra'd aya ya 13. Bibi hakusoma vitabu vikubwa, alisoma chuoni tu, yaani chuo cha Qur'ani, kama wasichana wa zamani, lakini hilo alikuwa nalo.

Na alikuwa na hesabu yake. Umeme ukimulika anaanza, subhanallah, subhanallah, subhanallah, mpaka ngurumo ifike. Zikiwa nyingi anasema iko mbali, iko baharini. Zikipungua anatuvuta karibu. Skuli ndio nikafundishwa kwamba sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja, nikarudi nyumbani nikamwambia bibi hesabu yako ni ya kweli, na yeye kwake haikuwa habari mpya hata kidogo.

Sasa ule usiku. Ni mwaka wa 1997, mwisho mwisho, ile mvua ya El Niño ambayo kila mtu wa pwani mwenye umri wangu anaikumbuka. Baba alikuwa baharini na mashua, walitoka watu wanne tangu alasiri, na baada ya isha upepo ukageuka ghafla, mvua ikaja si ya kunyesha bali ya kumwagwa, kichochoro chetu kikawa mto, maji yanashuka kuelekea pwani yamebeba kinyesi cha punda na viatu vya watu, na punda wenyewe wamejipanga ukutani masikio chini wanang'aa kila umeme unapopiga. Mama analia kimya kimya. Bibi anahesabu, subhanallah, subhanallah, na mara ya pili hesabu haikufika tatu.

Halafu bibi akainuka. Nikadhani anakwenda kuswali. Kumbe amekwenda kuchukua masufuria, mabeseni, ndoo, hata lile sinia kubwa la pilau la arusi, akavipanga uani chini ya pale maji yanapomwagika kutoka darini, kila kikijaa anakibeba anakwenda kumimina kwenye birika la chooni, lile lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, anarudi anaweka tena. Na machozi yanamtoka. Nayakumbuka kwa sababu alikuwa karibu na fanusi, na mdomoni anasema allahumma swayyiban naafi'an, ewe Mola ifanye mvua yenye manufaa, anasema alhamdulillah, anabeba beseni.

Nilikasirika jamani. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa na nikamwambia kwa sauti, bibi, baba yuko baharini na wewe unakinga maji? Ndipo nikauliza na hilo swali, Mungu ametukasirikia? Bibi akaniambia, "Sijui mwanangu. Shika upande huo tubebe." Basi. Hilo ndilo jibu lake, sijui, shika upande huo. Nikashika kwa hasira.

Baba alirudi asubuhi saa mbili hivi, wote wanne wazima. Waliona wingu wakashusha tanga mapema wakaingia ndani ya mikoko ya Manda wakafunga kamba kwenye miti wakalala wameinama humo wanatota mpaka alfajiri. Lakini ile asubuhi si ya furaha kwa kila mtu, kuna jirani zetu kule nyuma waliokuwa na nyumba ya udongo na makuti, ukuta mmoja ulilala chini, walihamia kwetu karibu mwezi mzima, na maji waliyokuwa wanaoga na kunywa chai ni yale ya sinia la arusi.

Nimekaa na ile hasira yangu miaka mingi, sikuisahau. Kilichonifungua ni darsa moja ya baada ya maghrib hapa mjini, shekhe alisoma ile hadithi ya sahaba Anas bin Malik iliyoko kwa Bukhari na Muslim, na nataka tuitulie leo manake ni hadithi ya Ijumaa na sisi tuko Ijumaa.

Mtume swallallahu alayhi wasallam yuko juu ya mimbari anahutubu, mtu akaingia msikitini akasema ewe Mtume wa Allah, mali zimeangamia na njia zimekatika, tuombee Allah atupe mvua. Ukame. Mtume akainua mikono. Anas anasema wallahi hatukuwa tunaona wingu mbinguni wala kipande cha wingu, kisha likatokea wingu nyuma ya mlima wa Sal'i pale Madina kama ngao, likatanda, ikanyesha, hawakuliona jua wiki nzima. Ijumaa iliyofuata mtu akaingia kwa mlango ule ule, Mtume yuko juu ya mimbari, akasema, ewe Mtume wa Allah, mali zimeangamia na njia zimekatika, tuombee Allah aizuie.

Mmeona? Maneno ni yale yale! Mali zimeangamia na njia zimekatika, Ijumaa ya kwanza ni kwa kukosa mvua, Ijumaa ya pili ni kwa kuipata. Na Mtume hakumkemea, hakumwambia si nyinyi mlioitaka juzi. Akainua mikono tena. Lakini hakuomba kama alivyoombwa, na hapa ndipo shekhe aliponishika, yule mtu alitaka mvua izuiwe na Mtume akasema allahumma hawaalayna walaa alayna, ewe Mola, pembezoni mwetu na si juu yetu, juu ya vilima na majabali madogo na ndani ya mabonde na panapoota miti. Hakusema iondoke, aliionyesha pa kwenda.

Nikamwona bibi na sinia lake.

Manake bibi alikuwa anafanya vyote viwili, ndugu zangu. Ar-Ra'd hiyo hiyo, aya moja kabla, ya 12, Allah anasema yeye ndiye anayekuonyesheni umeme kwa hofu na tamaa, na tamaa hapa si ile ya ulafi tunayoizungumza kila siku, ni kule kutaraji, kuwa na matumaini. Hofu na tamaa zimewekwa kwenye umeme mmoja, si umeme wa hofu siku hii na umeme wa tamaa siku nyingine. Mimi mtoto nilitaka bibi achague, kama unaogopa basi ogopa, acha ndoo. Na yeye alikuwa anaogopa kuliko mimi, ni mwanawe aliyekuwa kule.

Na msidhani kuogopa ni upungufu wa imani. Bi Aisha radhiyallahu anha anasimulia kwamba Mtume akiona wingu au upepo ilikuwa inajulikana usoni mwake, Bi Aisha akamuuliza, watu wakiona mawingu wanafurahi wakitaraji mvua na wewe naona uso wako umebadilika, akajibu ewe Aisha, ni nini kitakachonipa amani kwamba hamna adhabu ndani yake? Akawataja kaumu ya Adi walioliona wingu wakasema hili ni la kutunyeshea, kumbe ndani yake mna upepo wa adhabu. Huyu ni Mtume anayesema hivyo. Na huyo huyo, kwa riwaya ya Anas iliyoko kwa Muslim, mvua iliponyesha alifunua nguo yake mvua ikampata mwilini, akaulizwa kwa nini, akasema kwa sababu hii imetoka kwa Mola wake sasa hivi. Uso unabadilika kwa wingu na mwili unafunuliwa kwa mvua.

Sisi watu wa Lamu tungekuwa wa kwanza kuielewa dua ile ya vilima. Maji matamu tunayokunywa yanatoka wapi? Yale machuguu ya mchanga ya Shela. Mvua inanyesha pale, mchanga unainywa, maji yanashuka taratibu mpaka yanakaa juu ya maji ya chumvi yaliyoko chini kwa sababu matamu ni mepesi, ndipo visima vinayachota. Hakuna mto hapa, hakuna mlima, ni ule mchanga. Kila nikisoma Al-Mu'minun aya ya 18, maana yake tumeteremsha maji kutoka mbinguni kwa kiasi tukayatuliza katika ardhi, na hakika sisi tunaweza kuyaondoa, ni Shela ninayoiona. Inaniuma sana nikiona watu wanapanda na kuta za nyumba mpaka juu ya machuguu yale, naomba niliseme wazi, hilo ni jambo la ibada pia si la ramani na vibali tu, pale ndipo dua yetu inapoelekezwa ishuke, tukipafunika tunaiombea itue wapi?

Na Ijumaa zote mbili tumezipita sisi wenyewe juzi juzi tu. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila kunyesha inavyofaa, wafugaji wa huku bara kwetu na Tana River na kaskazini wakahesabu mizoga, kisima chetu sisi kikawa na ladha ya chumvi mpaka chai ikawa hainyweki. Tukatoka tukaswali swala ya kuomba mvua, tukageuza vishali kama ilivyo sunna ya swala hiyo. Kisha Novemba 2023 ikaja, barabara ya Lamu kwenda Garsen ikakatwa na maji kule Gamba. Mto Tana ulifurika, na Tana maji yake mengi yanatoka mlima Kenya na Nyandarua, kwa hivyo wakati mwingine kwetu mbingu ni safi kabisa na njia imekatika. Mimi nilikuwa na mzigo wa unga na vitunguu umekwama upande wa pili, siku nane, vitunguu vikaoza. Nikajiskia nikisema mvua gani hii. Mdomo ule ule.

Kwa hivyo juzi usiku mwanangu aliponiuliza Mungu amekasirika, nikamwambia sijui mwanangu, njoo tuhesabu. Tukahesabu subhanallah kitandani, mara ya kwanza zikafika tano, kisha nne, akanibana shingo, kisha saba, kisha kumi na moja na yeye ndiye anayehesabu kwa sauti sasa. Nikawasha tochi ya simu tukaenda uani kutoa ndoo. Dua wakati wa mvua kunyesha inatarajiwa kukubaliwa, tukawaombea walioko baharini usiku ule, nikamwacha na yeye aombe yake, akaombea paka wetu ambaye hakuwa ameonekana tangu magharibi.

Asubuhi baada ya swala tukatembea kwa miguu ufukweni mpaka Shela, yeye mbele. Mchanga wote ulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya matone kama uso wa mkate wa mofa, na mvua yote ile ya usiku hakuna hata dimbwi moja. Akazunguka akitafuta. Akaniuliza baba, maji yameenda wapi? Nikamwambia yamo humo chini, yanashuka polepole, utakuja kuyanywa. Akapiga magoti akachimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, akaskia baridi, akatulia mkono ukiwa ndani. Halafu akautoa, akaanza kurudisha mchanga kwa haraka haraka akiupigapiga kwa kiganja. Nikamuuliza mbona unafukia? Akasema, yasitoke.