Nilivyoacha Kucheza Nikaanza Kuangalia Miguu

Goti langu la kushoto lilikatika robo ya tatu, kwenye mechi ya mpira wa kikapu ya vyuo ambayo tulikuwa tunaongoza. Hakuna aliyenigusa. Niliruka kudaka ribaundi, yaani mpira uliokosa goli ukarudi, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu. Nilikuwa na miaka 22, mwaka wa mwisho wa chuo.

Mimi ni wa kile kizazi cha Dar es Salaam kilichoingia kwenye kikapu kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, kijana wa mji wetu aliyecheza Chuo Kikuu cha Connecticut alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Nilikuwa kidato cha pili. Ghafla shuleni kila aliyekuwa mrefu kidogo akawa anaitwa uwanjani. Mimi sikuwa mrefu, ila nilikuwa na mbio na mkono wangu ulikuwa mwepesi, basi nikapewa kazi ya kupandisha mpira. Nikaishika kazi hiyo hadi chuo.

Iliyokatika ni kano ya katikati ya goti, ile madaktari wanayoiita ACL. Upasuaji, magongo, kisha miezi tisa ya mazoezi ya kuurudisha mguu. Nilirudi nikacheza nusu msimu. Kila nilipotaka kugeuka ghafla, mwili ulisita kabla yangu, na kwenye kikapu kusita huko ndiko kunakokunyang'anya mpira. Nililia, nikakubali.

Mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya Temeke ndiye aliyenipigia simu. "Dada, njoo unisaidie na hawa mabinti, UMISSETA inakaribia na mimi mtu wa netiboli." UMISSETA ni mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Malipo yalikuwa nauli. Nilikwenda nikiamini kwamba aliyejua kucheza anajua kufundisha.

Siku ya kwanza walikuja mabinti 14. Mipira ilikuwa mitatu, mmoja umeisha upepo. Uwanja wa saruji una nyufa, goli moja halina wavu. Nikawaonyesha: nikadunda mpira kulia, nikauhamishia kushoto, hatua mbili, nikaweka ubaoni, ukaingia. Wakapiga makofi. Nikarudia. Makofi tena. Walipojaribu wao, mpira uligonga magoti yao ukakimbilia mtaroni. "Fanyeni kama mimi," nikawaambia, na waliposhindwa nikawaonyesha kwa kasi zaidi, kana kwamba tatizo lao lilikuwa macho. Mwili wangu ulijua, lakini mdomo wangu haukuwa na neno moja la kuwapa. Baada ya wiki mbili walibaki wanane.

Kati ya hao wanane alikuwepo binti wa kidato cha kwanza niliyekuwa namkaripia kila siku kwa uvivu, maana alikimbia kama anakanyaga moto. Jioni moja aliketi pembeni akavua raba. Zilikuwa kubwa kuliko mguu wake, na soksi ilikuwa imejikunja chini ya kisigino. Palikuwa na lengelenge limepasuka, pana kama sarafu ya shilingi 200, nyama nyekundu imeshikana na uzi wa soksi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Madam, ulisema tusisimame."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikumbuka habari ya John Wooden niliyoisoma chuoni nikaipita bila kuitilia maanani. Naye alikuwa mchezaji wa chuo, nyota wa Purdue, bingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1932. Akaja kuwa kocha wa chuo kikuu cha UCLA, akachukua ubingwa mara 10 kati ya 1964 na 1975. Kila msimu mpya, kazi yake ya kwanza na vijana wale wakubwa ilikuwa kuwafundisha kuvaa soksi: kuivuta, kuilainisha kwa kiganja kisiginoni na kwenye vidole hadi mkunjo uishe, kisha kufunga kamba za kiatu kuanzia chini. Mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hachezi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona ni mbwembwe ya mzee. Sasa nilikuwa nimeuona mguu wenyewe.

Kesho yake hatukugusa mpira. Tuliketi kivulini, kila mmoja akavua viatu, nami nikapita mguu kwa mguu. Wenye raba kubwa tukawakatia maboksi ya kutanguliza ndani. Nusu saa ile ilinifundisha mengi kuliko wiki mbili za kujionyesha. Nilijua nani anakanyagia upande wa nje, nani kifundo kilishawahi kuteguka, nani anaazima kiatu cha kaka yake.

Kutoka miguuni nikaenda kwenye kutua, na hapa nakiri nina uchungu wangu. Wachezaji wa kike huumia ile kano mara kadhaa zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo huo huo, na mara nyingi bila kuguswa, kama nilivyoumia mimi. Miaka yote niliyocheza, hakuna aliyenifundisha kutua. Nikawa nawaambia, "Kunja magoti, yafuate vidole, yasiingie ndani." Hawakunielewa, yalikuwa maneno mengi mno kwa mtu aliye hewani. Siku moja likanitoka lenyewe: "Tua kama unakalia mbuzi!" Ile ya kukunia nazi. Wote wameikalia nyumbani, wanajua jinsi matako yanavyorudi nyuma, kifua kinavyobaki juu na magoti yanavyopanuka. Walicheka, wakaruka, wakatua sawasawa. Mpaka leo ukipita pale jioni utasikia sauti nyembamba zikipaza, "Mbuzi! Mbuzi!" na mpita njia hujiuliza mifugo iko wapi.

Nikaanza kulitafuta neno la namna hiyo kwa kila kitu, na kupunguza mengine yote. Msimu wa 1974–75, watafiti wawili walikaa kwenye mazoezi ya Wooden wakihesabu kila alichosema. Sehemu kubwa ilikuwa maelekezo mafupi ya namna ya kufanya jambo. Sifa na makaripio vilikuwa vichache mno. Mimi nilikuwa kinyume chake. Taimauti, pale kocha anaposimamisha mchezo aongee na timu, ni dakika moja, unapewa mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, na mimi dakika ile niliijaza kwa mambo saba. Wasichana walirudi uwanjani macho yamewatoka. Siku hizi nawapa maji kwanza, nangoja pumzi zitulie, nasema jambo moja. Likinizidia la pili, naliandika kwenye daftari kwa ajili ya Jumatatu.

Mwaka ule UMISSETA tulitolewa mapema. Sikuhuzunika kama nilivyozoea nikiwa mchezaji. Yule wa lengelenge aliingia robo ya nne, akaruka katikati ya mabinti wawili wakubwa, akaudaka mpira, na mimi pembeni sikuutazama mpira. Nilitazama magoti yake yakishuka. Alitua kwa miguu miwili, chini, imara, akatoa pasi. Mwalimu wa michezo akaniuliza nashangilia nini, maana hatukuwa tumefunga.

Sasa wamefika mabinti 31, na mipira ni mitano. Jumamosi nafika saa kumi na mbili asubuhi na ufagio wa chelewa, kwa sababu upepo wa usiku huleta mchanga juu ya saruji na mchanga huteleza. Yule binti yuko kidato cha nne. Huwa ameshafika kabla yangu, ameanzia upande wa goli lisilo na wavu, ameinama anafagia.

"Shikamoo madam. Huku tayari, tubakize pale katikati."