Siku yangu moja na Probox ya mayai, na kwanini fundi hashiki funguo nikiwa sipo

Saa kumi na moja alfajiri. Huku Nyakato, Mwanza, bado giza, majogoo ndo wanaanza. Kabla sijabandika chai nafungua boneti ya Probox, gari yangu ya kusambazia mayai madukani. Kijiti cha oili, maji ya rejeta wakati injini bado ya baridi, mafuta ya breki, bas. Halafu namulika na tochi ya simu kuangalia alama zangu za rangi ya kucha, nyekundu ile ya kung'aa, nimechora mstari kwenye filta ya oili inapokutana na injini, kwenye nati za betri na kwenye koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Mume wangu alicheka sana eti gari inaenda saluni. Ila fundi akikwambia "filta nimebadilisha dada", we inama uangalie. Kama mstari uko mzima hujabadilishiwa kitu, kapangusa ileile na tambara na hela yako kaweka mfukoni.

Saa kumi na mbili niko Kisesa napakia. Trei moja mayai 30, nazipanga hadi usawa wa dirisha, narudi zangu barabara ya Musoma taratibu.

Saa mbili mpaka saa nne ni kushusha tu, Igoma, Nyakato, Buzuruga, Mabatini. Wenye maduka wote wanataka mkopo, hiyo ni habari ya siku nyingine.

Saa nne na kitu. Napandisha Isamilo, na ule mlima mnaujua, gari ikaanza kumisi. Inatetemeka, haivuti, taa ya injini haikuwaka tu ikatulia, ilikuwa inawaka na kuzima. Ikifanya hivo usilazimishe, maana yake kuna silinda haichomi na petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye ekzosi, masega yanakufa, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi. Nikaweka pembeni, jiwe nyuma ya tairi.

Hata sijashuka vizuri kijana kashafika, kavaa ovaroli. "Shikamoo mama, hiyo ni gasketi ya hedi. Laki tatu na nusu tunamaliza leoleo, tuivute gereji." Boneti hajafungua! Nikamuuliza umejuaje, akasema mlio tu. Sasa gasketi ya hedi ikiungua mara nyingi maji yanapungua, au moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikishapata moto, au oili inakuwa kama chai ya maziwa. Mi maji nimeyaona asubuhi yamejaa, oili safi, moshi hakuna. Nikamwambia asante baba, wabeja, mi nasubiri ipoe.

Niwaambie kwanini nina roho ngumu hivi. Kuna gereji moja, siitaji, niliwahi kuacha gari asubuhi wanibadilishie brekipedi tu nikaifuata jioni. Breki zilikuwa nzuri kabisa. Ila gari ikaanza kunguruma na kunuka petroli, na taa ya injini ikawaka. Nikalala chini nikaona ekzosi ina mshono mpya wa welding, ukigonga unasikia ndani hamna kitu. Walikata wakatoa masega wakaziba. Yale masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei, wanunuzi wapo wanapita na mizani. Nilivyorudi kuuliza nikaambiwa "mama ulikuja nayo hivohivo". Ushahidi huna. Tangu hapo kabla ya kumwachia mtu gari napiga picha chini, betri na namba yake, na mshale wa mafuta.

Na sisemi mafundi wote wezi. Gereji nyingi wale vijana hawana mshahara, wanakula kwenye kazi ya siku na kwenye cha juu cha spea, we unatoa hela ya spea, yeye na muuza duka wanajuana. Mtu anayekula kwenye spea hawezi kukwambia hii bado nzima, usibadilishe. Ukimpata anayekwambia hivo shika namba yake.

Saa tano injini imepoa. Nikatoa kile kidude cha kusomea injini, cha blututhi, nikachomeka chini ya usukani nikasoma kwenye simu: P0302, yani silinda ya pili ndo inamisi. Vya bei chee havikubali gari zote za Japani, changu kinakubali. Kutoka hapo hununui kitu, unahamisha. Silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa mkanda. Spana namba 10, bolti moja, unabonyeza klipu ya soketi polepole maana plastiki imezeeka ukivuta kwa hasira inavunjika, unanyofoa koili. Ya pili nikaipeleka ya tatu, ya tatu ikaja ya pili. Nikafuta ile namba ya kosa kwenye simu, nikawasha, nikaiacha ingurume kidogo, nikasoma tena. P0303. Ugonjwa umehama na koili, kwahiyo mbovu ni koili. Ingebaki P0302 ningeanza kufikiria plagi au nozo ya kupulizia petroli.

Saa saba nimeshuka mjini na bodaboda, gari nimewaachia wauza chipsi ninaowaletea mayai. Maduka ya spea yote yana kibao kilekile, vifaa vya umeme havirudishwi, ndo maana kubahatisha kunauma. Koili yangu ina namba 90919-02240 imeandikwa juu, nikaomba iliyotolewa kwenye gari ya Japani, sio mpya ya kwenye boksi linalong'aa yenye maandishi yanayofutika na kidole. Elfu arobaini.

Saa nane imefungwa, gari imepanda Isamilo bila kulia. Mayai yaliyovunjika wauza chipsi wamenunua kwa bei ya hasara, sawa tu.

Saa kumi nyumbani, chini ya mwembe, namwaga oili. Injini hii ukibadilisha na filta inakula lita 3.7, kwahiyo galoni ya lita nne inabaki kidogo, gerejini hako kanakobaki hukaoni. Oili chafu naweka kwenye dumu, jirani anapaka mbao zake mchwa wasile. Mtaroni simwagi, maji ya mitaro yanaingia mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, na sato tunamla wenyewe.

Saa moja usiku nimempigia fundi wangu wa Igoma kuhusu shokapu za mbele. Hizo sijifanyii, springi ya mbele bila kibanio chake inaweza kukutoa jino. Nikamwambia nakuja kesho ila siachi gari, nakaa hapohapo.

"Najua mama, njoo saa mbili. Ila benchi limevunjika, beba stuli yako."