Tupa na gobore la gumegume

Juzi mwanangu alikuwa akitafuta bisibisi kabatini, akaibuka na tupa ndogo. "Baba, hii ina vumbi la shaba. Ulikuwa unakwaruza nini?"

Nilikuwa nakwaruza nundu ya mbele ya gobore langu, kile kidude cha shaba cha kulengea juu ya ncha ya mtutu, enzi zile za Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kwenye nchi ya mafundi wa asili ya Kijerumani waliounda bunduki ndefu zenye mifereji ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi iende sawa, katika karne ya 18. Jimbo lile lina msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore ya gumegume, yaani yanayowashwa kwa cheche za jiwe, baada ya Krismasi.

Langu lilikuwa la kiwandani, mtutu wenye tundu la inchi 0.50, na lilichelewa kuwaka. Jiwe linapiga, moto unaruka kwenye kisahani cha baruti ya kuwashia, kimya kidogo, ndipo mlio. Katika kimya kile mkono unayumba. Fundi mmoja jirani aliweka kitobo kipya cha moto cha chuma cha pua, kilichopanuliwa kwa ndani ili baruti ikae karibu na mwako, kisha akalainisha kifyatulio. Nundu aliniachia mimi.

Siku hiyo uwanja wa shabaha ulikuwa na theluji. Baruti greni 70 (kama gramu 4.5), kitambaa cha pamba chenye mafuta, risasi ya duara ya inchi 0.490, nikaishindilia kwa mdeki hadi ikagota. Yadi 50. Risasi ikatua chini ya duara. Ukipunguza nundu, mtutu hunyanyuka unapolenga, na risasi hupanda. Kwa hiyo nikavua glavu, nikapitisha tupa taratibu, nikapuliza vumbi, nikajaza tena. Ikapanda kidogo. Nikapitisha tupa tena, safari hii kwa woga zaidi, kwa maana shaba ukishaiondoa hairudi. Vidole vilikufa ganzi. Kisha moshi mzito wa salfa ukatawanyika, nikaona tundu katikati kabisa, na la pili likaligusa.

Nilimfikiria marehemu baba palepale, na gobore lake la leseni kule Sikonge, Tabora, lisilo na nundu yoyote. Siku moja baba alijeruhi pongo, tukafuata damu hadi giza likatuzuia. Baba alisema siku ya mnyama haikufika. Mimi naamini mnyama anatudai risasi moja iliyonyooka, ila sijui kama tupa ingemsaidia mzee: mtutu wake haukuwa na mifereji, na risasi ya namna hiyo hutangatanga ikienda mbali. Lakini yeye alipiga kwa hatua 30. Kwa umbali huo nadhani nundu ndogo ya shaba ingetosha.