Jetiski Ikikunywa Maji, Toa Kidole Kwa Batani

Jumapili saa kumi hivi nilikuwa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nimekaa kando ya banda la samaki nangoja ngege yangu (tilapia) itoke kwa mafuta, na mpwa wangu alikuwa ametoka na jetiski yetu, ile Yamaha VX110 ya stroki nne. Si unajua upepo wa alasiri venye huja ziwani, maji yametulia tuli, ukigeuka kuitisha chumvi tayari ni mawimbi. Nikaona amekata kona kali halafu sikumwona tena, nikaona tu tumbo la chombo limeangalia juu.

Alikuwa na laifujaketi na kichwa chake kikatokea, roho ikanirudi. Wavuvi wawili waliokuwa wanarudi wakamsaidia kuigeuza, akapanda, akabonyeza, haikuwaka. Basi wakaifunga kamba wakaivuta hadi ufuoni, mashine yao imepigwa gesi yote, juu walitaka kijana afike haraka, na Mungu awabariki kwa hilo, lakini nadhani maji mengi yaliingia hapo kwa kuvutwa, nitaeleza.

Ilipogusa mchanga akabonyeza tena. Tak. Sio ule mlio wa staata ikizungusha injini, ni tak moja kavu kama nyundo kwa chuma. Akabonyeza ya pili, tak. Nikapiga kelele nikiwa bado nakimbia, "Wacha! Usiguse hiyo batani!" "Lakini anko, si ni betri?" Sio betri, na ndiyo sababu naandika hii, juu nimeona watu wakisikia hiyo tak wanaleta waya za kujampu kutoka kwa gari, yaani wanaiongezea nguvu ndio ivunjike vizuri.

Iko hivi. Pistoni ikipanda inafinya hewa na petroli, na hewa hufinyika. Maji hayafinyiki. Silinda ikiwa na maji, pistoni inapanda inakuta ukuta, ndio hiyo tak. Ukiendelea kubonyeza, kitu lazima kikubali kupinda, na mara nyingi ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kwa kranki, na ukifika hapo hauongei tena habari ya plagi, unaongea habari ya kushusha injini nzima.

Sasa ile kuvutwa. Maji ya kupoza injini hutoka kwa pampu ya jeti yenyewe, yanapita kwa paipu, yanazunguka, yanatoka na moshi wa ekzosi. Injini ikiwa inanguruma moshi unayasukuma nje. Ikiwa imezima na unaivuta mbio, maji yanalazimishwa kuingia kwa hiyo paipu na hakuna kitu cha kuyatoa, yanajaa kwa ekzosi, yanapanda hadi kwa silinda. Kitabu cha Yamaha kinasema ukiivuta usipite kilomita 8 kwa saa, na paipu ya maji ya kupoza uibane kwanza. Na kuigeuza pia kuna upande wake, kuna bandiko pale nyuma lenye mshale, fuata mshale, juu ukizungushia upande mwingine maji yaliyokaa kwa ekzosi yanateremkia injini. Kijana hakumbuki walizungusha upande gani, na simlaumu, mtu akiwa ndani ya mawimbi hasomi bandiko.

Tukaipandisha kwa trela, pua juu, tukafungua vizibo viwili vya nyuma. Ikamwaga maji dakika nyingi, mengi kuliko nilivyotarajia, nikashangaa. Tukatoa kiti tukaacha mvuke wa petroli utoke kabisa, nikafungua plagi zote nne, waya za plagi nikazigusisha kwa chuma cha injini ndio cheche isirukie mvuke. Nikafunika matundu na tambara, nikamwambia kijana, sasa bonyeza, sekunde tatu tu. Tambara liliruka! Silinda ya pili ikatema maji hadi kwa kola ya shati yangu, maji ya uvuguvugu yananuka petroli na tope la ziwa. Tukarudia, sekunde chache, pumzisha staata, sekunde chache tena, hadi matundu yakawa yanatoa upepo mtupu.

Halafu nikavuta kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa. Hapo nilinyamaza kidogo. Oili iliyochanganyika na maji hivyo haiwezi kulinda beringi, kwa hivyo kabla ya kuwasha tuliinyonya yote na pampu ya mkono kupitia pale pa kijiti, tukaweka mpya, tukapangusa chombo cha filta ya hewa, tukafunga plagi kavu. Yote hayo jioni hiyo hiyo na tochi ya simu, juu hata kama ziwa letu halina chumvi, maji yakilala ndani ya silinda usiku mmoja kutu inaanza.

Saa mbili kasorobo ikashika. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika! Na hapa kuna kitu watu hukosea wakitumia mpira wa maji nyumbani: washa injini kwanza ndio ufungue maji, ukimaliza funga maji kwanza ndio uzime. Ukigeuza huo mpangilio unaijaza maji upya, wewe mwenyewe, ukiwa umeiegesha kwa nyumba. Oili tulibadilisha mara tatu hadi ikaacha kuwa nyeupe.

Kesho yake ndio nikajua kwa nini tumbo lilikuwa na maji mengi hivyo. Kizibo kimoja cha nyuma, ile raba ndogo ya mviringo ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, ukiikunja hiyo raba na kucha ndio unauona. Chombo kilikuwa kinakunywa polepole tangu kitoke ufuoni, na kikiwa kizito hivyo kona kali ni rahisi sana kukipindua.

Jumatano tumeipeleka nusu saa hadi upande wa Hippo Point na kurudi, oili safi. Wale wavuvi niliwatafuta nikawashukuru, nikawafungulia kiti nikawaonyesha ile paipu. Mmoja akaishika akaifinya na vidole, akasema, "Omera (ndugu yangu), kumbe ni hii tu?" Klempu ya kuibana nimeifunga na kamba pale chini ya kiti.